Kaburi la Kwanza Omukagoye

Kitongoji cha Omukagoye,
Mabira, Kyerwa,
Kagera.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Eugenia,

Shikamoo Shangazi. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Tunduru, wewe na mumeo Mwalimu pamoja na watoto. Mguu wako uliokuwa ukivimba unaendeleaje? Mama ameniagiza nikuulize kama unaweza tena kutembea hadi kanisani bila fimbo. Na huko kwenu korosho zilikuwaje msimu huu?

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Kaka Melkiory alikuwa na mafua ya vumbi, yamekwisha baada ya mvua kuanza. Mimi sijambo.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka mwezi wa kwanza, ila wakati ule hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nimepata daraja la tatu. Historia ndiyo iliyonibeba. Bado sijui kama nitaendelea, kwa sasa namsaidia Mama shambani.

Nisamehe kwa simu ya Jumapili iliyopita. Uliniuliza mambo mengi nami nikawa naitikia "ndiyo Shangazi" na kulia. Unanijua. Wewe mwenyewe uliwahi kusema kwamba siku Mungu akiniita nitamtuma mtu mwingine aniitikie. Kwenye karatasi ninaweza, kwa hiyo nimeona niandike.

Najua Baba mkubwa Rwegasira amekupigia. Amesema kabla ya Pasaka ukoo utakaa kikao Nyabiyonza, na utaulizwa kwa simu kama unakubali Baba afukuliwe akazikwe upya kule. Wewe ndiye mtoto pekee wa Bibi Placidia aliyebaki, kwa hiyo wote wanangoja neno lako. Nataka ujue yaliyotokea kabla hujajibu.

Nitaanza na jambo la shule. Litaonekana liko mbali na msiba, lakini kwangu yameshikana.

Tulipokuwa kidato cha tatu, Mwalimu Elipidius alitufundisha jinsi makoloni ya Uingereza kule Amerika yalivyoasi na kudai uhuru. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo akaniinua nieleze kwa Kiswahili nilichoelewa. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya chini, "Wakoloni walimwasi mfalme wao." Darasa zima likacheka. Mvulana mmoja akauliza kutoka nyuma, "Mkoloni anamwasi nani, wakati yeye ndiye anayeasiwa?" Nilikaa chini kabla sijaruhusiwa.

Mwalimu akasema nimekosea neno tu, niseme walowezi. Walikuwa watu waliotoka Uingereza wenyewe, au wazee wao walitoka huko, wakaenda kukaa ng'ambo na kuzaa huko. Mfalme aliendelea kuwatawala kutoka mbali, na walitozwa kodi kwa sheria zilizopitishwa na bunge ambalo ndani yake hawakuwa na mtu wao. Aliziandika sababu ubaoni nami nikazikariri zote. Lakini moyoni sikuziamini. Sisi tulimkataa mkoloni kwa sababu alikuwa mgeni na alitudharau. Hawa walikuwa na damu moja na lugha moja na huyo mfalme. Nilidhani mtu wa namna hiyo analalamika, kisha anatii.

Sasa nadhani nimeelewa, na heri nisingeelewa kwa njia hii.

Nyabiyonza wanatuita abafuruki, watu waliohama. Umekua ukilisikia neno hilo na labda halikukuchoma. Babu Anastazi alihamia huku kwa sababu kibanja cha kule, shamba la migomba la ukoo, hakikuwatosha ndugu wote na yeye alikuwa mdogo wao; kikabaki kwa kaka yake, baba yake Baba mkubwa. Alileta machipukizi ya migomba kwa baiskeli, akiisukuma zaidi ya alivyoipanda. Baba alipenda kutuambia kwamba kila mkungu tunaokula ni mtoto wa Nyabiyonza.

Ulipoolewa ilikuwa hivyo kweli. Baadaye mnyauko ukaingia, tukaing'oa migomba yote na kuifukia, na mbegu mpya tukapewa na jirani yetu Mama Uwingabire, yule ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Baba aliendelea kupeleka mkungu wa kwanza na kahawa ya kwanza Nyabiyonza kila msimu, kama Babu alivyofanya. Baba mkubwa aliupokea mkungu, akaugeuza huku na huku, akausifu kwamba mbegu ya wazee haijaharibika. Baba hakumsahihisha. Alirudi akatusimulia akicheka mpaka akakohoa.

Sisemi haya kwa kulalamikia mkungu. Baba angeupeleka maisha yake yote na asingeona uzito. Kulikuwa na mambo mengine. Hata jina langu lilitoka Nyabiyonza kwa simu, Mama akiwa bado kitandani. Mwaka ule wa ukame Baba mkubwa alipiga simu akasema mvua imenyesha, tupande maharage. Kule ilikuwa imenyesha. Huku tulikuwa tunameza vumbi. Baba alitoka nje, akatazama mbingu, akarudi ndani akachukua jembe. Mama akamuuliza, "Kamugisha, unapanda nini humo?" Baba akasema, "Napanda simu ya kaka." Ndege walikula mbegu zote, na mvua ilipokuja kweli hatukuwa na mbegu.

Halafu kuna habari ya dada Eustadia. Wewe ulikuwa umelazwa wakati ule, na nadhani hukuelezwa yote. Alifariki katikati ya masika, na wote tulijua atapelekwa Nyabiyonza, kwa sababu wafu wetu wote hupelekwa huko. Tangu Babu ahamie, hapa Omukagoye hapakuwahi kuchimbwa kaburi la ukoo wetu hata moja. Babu mwenyewe alirudishwa kule, na Bibi akabaki huko ili awe karibu naye.

Gari lilikwama kabla hatujafika Omurushaka. Wanaume walishuka kusukuma, Mama akabaki nyuma ameshika jeneza lisiteleze. Tulilala Omurushaka ndani ya gari, mbele ya duka la mtu, na yule mtu kwa huruma akatuletea chai. Tulipofika Nyabiyonza tuliambiwa pale karibu na nyumba pamekwisha kupangwa kwa wakubwa. Eustadia akazikwa pembeni, chini ya mikaratusi.

Mwaka uliofuata Mama alikwenda kumsalimia. Alikuta mhogo. Hakujua aweke wapi maua aliyobeba. Akamuuliza mke wa Baba mkubwa, naye akamwonyesha kwa kidole kutoka mlangoni, "Ni hapo hapo, katikati ya huo mhogo." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anapepeta maharage. Mama alirudi na maua yake, akayaweka kwenye ndoo ya maji, na hakuzungumza mpaka yaliponyauka.

Baba alipoanza kuugua kifua, alikuwa akiniita nimkandekande mgongo. Siku moja akaniambia, "Msinisumbue barabarani." Nikadhani anasema juu ya kupelekwa tena hospitali. Akarudia mbele ya Mama, "Barabara ya Eustadia mimi siiwezi." Alifariki asubuhi, Mama akimnywesha uji.

Ndugu zetu wa hapa walikusanyika, na la kwanza walilofanya ni kuulizana gari la kumpeleka Nyabiyonza litatoka wapi. Mama alikuwa amekaa chini karibu na kitanda. Akasema, "Huyu haendi." Mtu mmoja akadhani hakusikia vizuri, akamwambia, "Mama Melkiory, tunasema juu ya gari." Mama akasema, "Nimesikia. Haendi." Hakusema neno zaidi. Shangazi, wale wa Amerika nasikia waliandika tamko refu. Letu lilikuwa hilo tu.

Baadhi walitoka nje na hawakurudi. Katekista Cleophace alisitasita, akasema yeye hawezi kuingia kati ya mtu na ukoo wake, kisha akakaa, kisha akafungua kitabu cha sala. Wanaume waliobaki wakachukua majembe.

Hapo ndipo tulipojua kwamba hatujui kuzika. Wanaume wa kwetu wamezoea mashimo ya migomba, na walichimba walichozoea. Walizunguka, wakachimba shimo la mviringo, zuri, lenye kingo safi. Mume wa Mama Uwingabire alikuja na sepetu yake begani, akachungulia shimo. Halafu akauliza, "Jamani, huyu mnamzika au mnampanda?" Watu walicheka, Shangazi. Msibani. Hata Mama alicheka, akifunika uso kwa kitenge, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Yule baba akakata fimbo, akapima jeneza, akawaonyesha namna ya kulirefusha shimo. Lakini ule mviringo haukufutika. Mpaka leo kaburi la Baba ni pana upande wa kichwani.

Baba mkubwa alifika kesho yake na wazee wengine kwa gari. Mama alipiga magoti akawasalimia, nami nikaleta kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni, kwenye kikapu kidogo. Nilimpelekea yeye kwanza. Aliutazama mkono wangu, hakuchukua. Wazee wengine nao hawakuchukua. Nilibaki nimesimama na kikapu, sikujua nikirudishe au nikiweke chini.

"Nani kawapa ruhusa?" Baba mkubwa akauliza.

Mama akasema, "Mzee, yeye mwenyewe alisema asisumbuliwe barabarani."

"Nani alisikia?"

Nilisema, "Mimi." Akaniambia nirudie, hajasikia. Nikarudia, "Mimi nilisikia, Baba mkubwa." Kikapu kiliinama mikononi mwangu, kahawa ikamwagika.

"Mtoto amefundishwa kusema," akasema mzee mmoja. "Abafuruki wameshiba. Wamepata ardhi nyingi mpaka wanalaza maiti."

Baba mkubwa alikwenda kwenye kaburi. Akalizunguka, akaona ule upana. "Hata kaburi hamlijui," akasema, ila sauti yake haikuwa ya kutukana. Alivua kofia. Akasema alimwekea Baba nafasi kando ya Babu Anastazi, na tangu aliposikia ugonjwa umezidi amekuwa akiipalilia kwa mikono yake, hamruhusu mtu mwingine kuigusa. Machozi yalimtoka. Niliyaona, na siwezi kukuandikia kwamba yalikuwa ya uongo.

Mama akamuuliza, "Na ya Eustadia nani anaipalilia?"

"Mhogo utang'olewa," Baba mkubwa akasema.

"Umeshaliwa," Mama akajibu.

Basi Baba mkubwa akavaa kofia yake, akasema maneno ambayo nimeyabeba kichwani tangu siku hiyo: "Mtu wa Nyabiyonza akifa anarudi Nyabiyonza. Hata akilala hapa, ni wetu." Akasema mpaka Baba arudishwe, hakuna mtu wa kule atakayekanyaga huku, wala Bibi. Wakaondoka bila kula. Ndizi tulizowapikia tuliwapa watoto wa majirani.

Ningeelewa haraka zaidi kama Baba mkubwa angekuwa mtu mbaya. Ubaoni kodi iliandikwa ya kwanza, nami nadhani Mwalimu Elipidius alipaswa kuiandika mwisho. Mtu wa mbali anaweza kukupenda kweli. Lakini anakupenda kama ulivyokuwa ulipoondoka, na anatawala kile anachokumbuka. Anausifu mkungu asiojua ulikotoka. Anaisikia mvua ya kwake akadhani ni ya kwako. Wewe nawe unaendelea kusema ndiyo, kwa sababu ni ndugu na kwa sababu neno hilo halikugharimu sana, mpaka siku anapotaka kitu ambacho huwezi kukipandisha garini tena. Siku hiyo mnashangaa wote wawili. Yeye anaona umegeuka ghafla, na wewe unaona ulikwisha kugeuka zamani.

Sikudanganyi kwamba tuna furaha. Baadhi ya ndugu wa hapa hapa Omukagoye bado wanapeleka mkungu Nyabiyonza, na wakikutana na Mama njiani wanainamisha kichwa. Moto wa matanga tuliuota sisi na majirani. Nilizoea kusoma kwamba siku ya uhuru watu walicheza. Sisi tulizima moto, tukazoa majivu, tukaingia ndani, na nyumba ilikuwa kimya sana.

Kinachoniumiza zaidi ni Bibi. Alipiga kwa simu ya jirani yake, kwa siri, akaniuliza kichwa cha mwanawe kimeelekea wapi. Nikasema kimeelekea nyumbani. Bibi akasema, "Vizuri." Hakuuliza nyumbani ni wapi.

Sasa nikuambie jambo ambalo Mama hajui kwamba naliandika. Kibanja chetu ni kidogo, na Melkiory anataka kwenda kutafuta shamba upande wa Biharamulo. Ameonyeshwa eneo na rafiki yake Projest. Wiki iliyopita alimwambia Mama tukiwa tunamenya ndizi. Mama hakuinua macho. Akasema, "Nenda, mwanangu. Mbegu za migomba chukua hapa. Mkungu wako wa kwanza utauleta kwa baba yako." Akamenya ndizi nyingine, akaongeza, "Na mtu wa Omukagoye akifa anarudi Omukagoye."

Melkiory alinitazama. Nikaangalia kisu changu. Mama aliendelea kumenya kama mtu aliyesema jambo la kawaida, na nadhani hakuyasikia maneno yake mwenyewe.

Shangazi, nakuomba ukiulizwa useme Baba aachwe. Usiseme kwa ukali, Baba mkubwa pia amefiwa. Mwambie tu kwamba kaka yako amechoka na barabara. Umwombe amruhusu Bibi aje aone kaburi kwa macho yake, hata kama ataliona baya. Na mhogo wa mikaratusini usipandwe tena.

Ukishamaliza na Nyabiyonza, mpigie na Mama. Mimi siwezi kumwambia, na wewe anakusikiliza. Mwambie polepole amwache Melkiory alale atakapolala.

Nisalimie Mwalimu, na wadogo zangu Joanitha na Ainebyona. Mwambie Joanitha kitenge alichoniachia bado ninakivaa. Mama Uwingabire naye anakusalimu, anasema bado anakumbuka ulivyokuwa ukiimba mkivuna kahawa. Mungu awalinde ninyi nyote, akupe miguu ya kukuleta huku siku moja, na barabara kavu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ninaponyamaza,

Mackrine Kamugisha